Fundi Aliyetukingia Mvua

Alikuwa akiingia uani kwako bila hodi. Anapita mlango wa nyuma, anakwenda moja kwa moja kwenye pipa, anainama na kuligonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu akishuka chini, mpaka mlio ubadilike. Hapo anajua maji yamefika wapi. Kisha ananyanyua kichwa, anakuona wewe mwenye nyumba umesimama na mwiko mkononi, na ndipo anakumbuka kwamba watu husalimiwa. "Hujambo, Mama Nyamisi. Mmetumia sana wiki hii." Salamu na lawama kwa pumzi moja. Mume wangu alikuwa akisema kwamba mtu huyu anaweza kwenda msibani akaliamkia pipa kabla ya kuwapa pole wafiwa, na siku moja alifanya hivyo hivyo mbele ya macho yetu, nasi tukalazimika kujifunika kanga ili tusionekane tukicheka.

Tulimwita Fundi tu. Mafundi walikuwa wengi Musoma, wa mbao, wa mitumbwi, na mume wangu mwenyewe alikuwa fundi cherehani, lakini mtaani kwetu ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa bati. Habari zake naziandika kwa sababu kuna jambo nilimfanyia, yeye akalificha, nami nikaliacha lifichike. Hakuna mtu mwingine anayelijua. Kwa hiyo hata nikisimulia mambo yake ya kuchekesha, msomaji ajue kwamba sina raha ninayoitafuta humu.

Enzi hizo za Mwingereza maji ya mtaa wetu yalikuwa ziwani. Ukifungua dirisha unaliona ziwa lote, na watu wa bara kavu wanadhani aliye na ziwa mlangoni hana shida ya maji. Waje wapande na debe kichwani ule mlima wetu wa mawe, mara nne kwa siku, mimba tumboni na mtoto mgongoni. Na chini kule kuna mamba. Tulikuwa tukienda kwa kikundi, mmoja anapiga debe tupu kwa jiwe kutia kelele, wengine wanachota haraka haraka wakiwa wameinama nusu, kama watu wanaoiba.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwapo msichana aliyekuwa akiwachotea maji wanaume wasio na mke nyumbani. Fundi alikuwa mmoja wao. Kama aliwahi kuoa huko alikotoka sikupata kujua, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Asubuhi moja mamba alimchukua yule msichana, wenzake wakiwa hatua chache nyuma yake, nami nikiwa mmoja wa wenzake. Kilichobaki ufukweni ni debe, na debe lilikuwa la Fundi. Tulimpelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama ndani kwa muda mrefu, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango.

Mpaka siku ile alikuwa fundi wa kawaida. Alitengeneza koroboi, makarai, masanduku ya safari. Arobaini ya yule msichana ilipopita, akaanza kukunja mifereji ya kuning'iniza chini ya paa ili kukinga maji ya mvua, na sikumbuki kama alifanya tena kazi nyingine kwa moyo. Alianza na nyumba ya wazazi wa msichana. Hawakumwita. Alikuja tu na ngazi yake begani, akapanda. Baba mtu akatoka kumwuliza anafanya nini juu ya paa la watu.

"Hatateremka mtu tena," Fundi akamjibu kutoka juu. "Mtaa huu hatateremka mtu."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lake, na hakuwa na lingine. Alitaka siku moja aamke asimwone mwanamke hata mmoja wa mtaa wetu akishuka na debe. Wengine hutaka kuhiji, wengine hutaka ng'ombe. Yeye alitaka kile kijia cha kwenda ziwani kiote majani.

Bati lilikuwa adimu siku hizo, kwa sababu ya vita vya wenyewe Wazungu, na hata vilipokwisha, bati halikurudi upesi. Fundi alikusanya madebe ya mafuta ya taa, akayakata kwa mkasi, akayalaza juu ya chuma cha reli alichokuwa nacho, akayagonga mpaka yakanyooka, kisha akayaunga kwa lehemu moja baada ya jingine. Mfereji wa nyumba yangu ulikuwa na madebe kumi na moja, na ukiutazama vizuri ungeona maandishi ya debe hili yamesimama na ya debe lile yamelala. Hakupima kwa kamba wala futi. Alipima kwa mkono wake, kuanzia ncha ya kidole mpaka kwenye kiwiko, na ole wako umsemeshe akiwa katikati ya kupima, kwa kuwa alirudia toka mwanzo na kukutukana. Kutukana alikujua. Alikuwa mtu wa swala tano, sijda imemwachia alama kipaji cha uso, na papo hapo nyundo ikimgonga kidole alitoa maneno ambayo watoto wangu walijifunza kwake na si kwingine.

Nyumba nyingi za mtaani zilikuwa za nyasi, za bati chache, na yangu mimi ilikuwa mbili kwa moja, upande wa mbele bati na jiko la nyuma nyasi. Maji ya paa la nyasi hutoka mekundu na kunuka moshi. Fundi hakuyatupa. Aliyawekea pipa la peke yake na kunipa amri. "Ya nyasi ya mchicha. Ya bati ya watu. Ukichanganya nakuja kuling'oa." Kwa maji yale mekundu nilipata bustani nyuma ya nyumba, mchicha, vitunguu, nyanya, mpapai mmoja uliozaa mpaka ukachoka. Wanawake wa Bweri waliokuja mjini kuuza mboga waliniona nina mboga za kiangazi wakadhani nina dawa.

Lakini mtu huyu aliyetupatia maji hakuvumilia kuona tukiyatumia. Hilo lilikuwa kituko chake kikubwa. Alihesabu matuta yangu. Alimfokea mke wa jumbe kwa kuosha miguu ya wageni kwa maji mengi mno. Kanzu yake moja alifua kwa mabakuli mawili, na la pili halikujaa. Nilipopanda asumini mlangoni alinisema wiki nzima kwamba namwagilia maua wakati wenzangu wana kiu, na alikuwa na haki kidogo. Kisha alfajiri moja nikatoka mapema kuliko kawaida nikamkuta kachuchumaa pale mlangoni na kikombe chake cha bati, anaumwagilia ule ule asumini. Alinitazama kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyekamatwa.

"Umeuachaga ukauke," akasema, akaondoka.

Kuhusu uvivu wake, kama ni uvivu. Ukimwuliza kazi yako itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa moja, "keshokutwa," na keshokutwa ikifika ilikuwa bado keshokutwa. Ukilalamika alikwambia, "Mwenye haraka ni wewe, mimi sina." Hakuwahi kuwa nayo. Mfereji uliokwisha alikaa akiumwagia maji kwa kikombe, akilala chini kuangalia kama unavuja, kisha anaufungua na kuanza upya kwa ajili ya tone moja. Wateja walimwacha wakarudi, wakamwacha tena wakarudi, kwa sababu kazi yake ilikuwa haivuji.

Aliwahi kuitwa karibu na Butiama kuweka mifereji kwenye nyumba ya mwalimu mmoja wa shule. Alikwenda na lori la pamba, akakaa huko wiki tatu, akarudi. Siku ya pili baada ya kurudi akakumbuka kwamba kifuniko cha pipa la yule mwalimu hakikukaa sawasawa upande mmoja. Lori hakuna. Akatoka kwa miguu na nyundo mfukoni. Mwalimu alipokuja Musoma baadaye alitusimulia huku anatikisa kichwa. "Nyie watu wa mjini, huyu mzee wenu anakuwaga hivi siku zote? Nimemkuta uani kwangu asubuhi, miguu imevimba, anagonga kifuniko. Nimempa uji, amekataa. Anasema mbu wataingia."

Mvua ya kwanza ya msimu hakuturuhusu kuikinga. Aliiita mvua ya vumbi. Paa limekaa miezi na mavi ya ndege, majani na masizi, alisema, sasa linaoga, na nani anakunywa maji aliyoogea mwenzake? Kwa hiyo kila mfereji aliuwekea mlizamu, mdomo wa bati unaogeuka, unaousukuma kwa fimbo maji yakamwagike nje ya pipa. Sisi wanawake tulikuwa walafi. Miezi yote unasubiri mvua, inakuja, eti uiache ikupite! Yeye alitujua. Wingu la kwanza likitanda juu ya ziwa, alitoka na fimbo akapita nyumba hadi nyumba, analowa, anageuza milizamu yote mwenyewe, na sisi tunamzomea kutoka barazani. Sijamwona mtu mwenye furaha kama yeye siku hizo. Ndevu zinachuruzika maji, kanzu imemganda mwilini, anatuambia tukafie mbali.

Jambo lake jingine lilikuwa furu. Furu ni wale samaki wadogo wa ziwani ambao watoto huwatoa kwa ndoana za pini. Kila pipa alilolipata, na mapipa yalitoka pote, ya mafuta ya mashine, ya lami, ya mawese, alilichoma kwanza kwa moto wa mabua ndani yake. Kisha akalisugua kwa mchanga na majivu, akalisuuza, akalijaza maji, na mwisho akatia furu watatu. Siku tatu. Furu wakiishi siku tatu, pipa ni lako. Wakifa, analitoboa kwa patasi na kulifanya tundu la kuku. Alikuwa haamini pua yake. Pua inazeeka, alisema, furu hawazeeki. Na wale furu waliopona hakuwala wala hakuwapa paka. Alimtafuta mtu anayekwenda ziwani awarudishe, kwa kuwa yeye mwenyewe, toka siku ya lile debe, hakukanyaga tena ufukweni.

Basi kwa namna hiyo, nyumba moja moja, kijia kilianza kweli kuota majani. Nilikiona kwa macho yangu. Ilibaki nyumba kama sita hivi za mtaa wetu zisizo na pipa, na mojawapo ilikuwa ya Mama Saidi.

Mama Saidi alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, msichana mdogo tu kwangu, mumewe baharia wa meli ya ziwani, mwezi yupo, miezi miwili hayupo. Saidi alikuwa mtoto wake wa pekee, wa miaka minne, na mwaka ninaousema mama yake alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imemvimba mpaka viatu havimwingii. Bado alikuwa akishuka ziwani. Mumewe alikuwa ameezeka bati jipya, mfereji Fundi alikwisha kuutundika, kilichokosekana ni pipa. Mwaka huo mapipa yalikuwa hayapatikani kabisa.

Vuli ilichelewa. Ilinyesha mara moja, ile mvua ya vumbi, ikakata. Mapipa yetu sisi wenye nayo yalikuwa yamebaki robo, na nilikuwa nampa Mama Saidi kidogo kidogo, kisha nikapunguza, kisha nikaacha, kwa kuwa nilikuwa na watoto watano. Hapo ndipo akapita mchuuzi mmoja na lori, simjui wala hatukumwona tena, akamwuzia Fundi pipa lililopakwa rangi nyekundu mpya. Alisema lilikuwa la mafuta ya mashine. Fundi akalichoma, akalisugua, akalisuuza. Ikabaki siku tatu za furu.

Siku ile ile mchana wingu likasimama juu ya ziwa, jeusi, zito, la mvua ya kweli. Nilimkuta Fundi kwake anatafuta mtu wa kumletea furu. Pipa limekaa pembeni, tupu, safi, linang'aa.

"Lipeleke kwa Mama Saidi sasa hivi," nikamwambia.

"Keshokutwa."

"Fundi, keshokutwa mvua imekwisha. Inaweza isirudi mpaka masika. Yule binti atajifungulia ziwani."

"Furu bado."

Nikamshika mkono wa kanzu. Nilikuwa nimechoka na kiangazi kile, na nilikuwa na haya pia, kwa sababu ni mimi niliyeacha kumpa maji jirani yangu, na lile pipa lingeniondolea haya yangu. Nikatafuta neno la kumwumiza nikalipata, maana nilijua lilipo. Nikamwambia, "Au unataka tukuletee debe jingine kutoka ufukweni?"

 Uso wake ulibadilika. Akaliinamia lile pipa, akalipakia mgongoni, akatoka nalo, na mimi nikamfuata nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeridhika. Nilidhani nimefanya jambo jema kwa njia ya ukali kidogo. Mvua ilishuka akiwa bado anaweka mawe ya kuliegemeza, na kabla ya alasiri lilikuwa limejaa pomoni, Saidi anarukaruka uani uchi akinywa kwa kata.

Kuku ndio walioanza. Mama Saidi aliwanywesha asubuhi, jioni wakawa wamelala chali. Tukasema kideri. Usiku ule Saidi akatapika, akaharisha, tukasema ni maembe mabichi. Mama yake naye akaanza, tukasema ni mimba. Kila kitu tulikipatia jina lake, na kila mara tukampa mtoto maji anywe, maana anayeharisha hupewa maji. Nilimnywesha mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kwa kikombe, kutoka kwenye pipa lile. Tulipomfikisha hospitali alikuwa haokoleki tena. Daktari aliuliza wamekula nini, kisha akauliza wamekunywa nini. Bwana mifugo aliitwa, akakwangua ile rangi nyekundu kwa kisu, na chini yake likatokea fuvu la kichwa na mifupa. Lilikuwa pipa la dawa ya josho, ile wanayoogeshea ng'ombe kuua kupe. Haitoki kwa moto wala kwa majivu, alisema, na haina harufu.

Saidi tulimzika kesho yake. Mama yake hakuzikwa, lakini mimba haikukaa. Na watu hawakuwa na jina jingine la kumwita, wakaendelea kumwita Mama Saidi.

Fundi aliitwa boma. Ilikuwa mchana, madirisha yamefunguliwa, nasi watu wa mtaa tumejaa barazani tunasikiliza. Bwana mkubwa aliuliza kwa mkalimani kama ni kweli ana desturi ya kujaribu mapipa yake kwa samaki. Akasema ni kweli. Na hili, alilijaribu? Hakulijaribu. Kwa nini hakulijaribu?

Nilikuwa nimesimama dirishani, hatua nne kutoka kwake. Aliinua macho akaniona. Nilijua sasa atanitaja.

"Nilikuwa na haraka," akasema.

Kila mtu pale barazani alimjua Fundi. Kila mmoja wetu aliwahi kusubiri keshokutwa zake. Kama kuna mtu angefikiri kidogo, angejua kwamba huo ni uongo. Hakuna aliyefikiri, na mimi niliyejua nilikaza macho chini nikatazama vidole vya miguu yangu. Mumewe Mama Saidi alikuwepo pia. Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kusema, kwa sababu mkalimani alichukua muda kulitafsiri lile neno, na karani alichukua muda kuliandika.

Wakamwachia, ikaonekana ni ajali. Aliporudi mtaani alikuta watu wanapindua mapipa. Si lile moja, yote. Masika bado mbali, maji tuliyoyakinga kwa mvua ile yanateremka kati ya mawe na kupotea, na wanawake wanang'oa mifereji kwa michi ya kutwangia. Alikimbia kutoka nyumba hii kwenda ile. "Haya ni mazima! Humu furu waliishi! Mimi mwenyewe nimewaona!" Pipa la nyumba ya wazazi wa yule msichana wa kwanza alilikumbatia wasilipindue, akachota kwa kiganja akanywa mbele yao, akachota tena akanywa. Wakamsukuma, wakalipindua.

Langu nililipindua mwenyewe. Nilijua ni zima. Nilikunywa maji yake miaka. Lakini niliogopa kwamba nikibaki peke yangu na pipa langu limesimama, watu wataniuliza kwa nini mimi ninamwamini. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu nilipolisukuma. Akageuka. Jioni ile alifunga vyombo vyake, na mtaani kwetu hakuonekana tena.

Niliishi nalo. Watu husema huwezi kula wala kulala, si kweli, nilikula na nililala. Nilioza Nyamisi, nikamzika mume wangu. Mama Saidi nilimpelekea mboga kila wiki na kila wiki nikasema moyoni nitamwambia leo. Hakupata mtoto mwingine. Mumewe alihamia kwa mke mwingine aliyemwoa Kibara. Mimi nikabaki jirani mwema.

Kisha msimu mmoja wa pamba nikaenda Bunda kumsaidia mdogo wangu kuchuma, na mtu gulioni akanitajia habari za mzee fundi bati asiyependa kuongea. Nilijua kabla hajamaliza. Nilimkuta nyuma ya duka la Mwarabu mmoja, chini ya kibanda cha nyasi tupu, amezungukwa na koroboi. Koroboi tupu, mamia, hakuna karai, hakuna ndoo, hakuna chombo chochote cha kutia maji. Alikuwa amekonda, na nyundo aliipiga mara tatu mahali pa mara moja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Nyamisi." Alinijua kwa sauti. Hakunyanyua kichwa. "Kaa."

Nikakaa juu ya debe. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka yote ile, na nikayatoa yote kwa mara moja, bila utaratibu, huku nalia. Kwamba mimi ndiye niliyemharakisha. Kwamba boma nilimwona akiniangalia. Kwamba lile neno la debe nililisema makusudi ili limchome, na limenichoma mimi. Kwamba kila wiki nampelekea Mama Saidi mboga na kila wiki nashindwa kumwambia. Kwamba nitarudi Musoma kumwambia yeye na mtaa mzima, yeye aniruhusu tu, jina lake lisafishwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuzungusha koroboi moja vidoleni.

"Lile neno nilikuwaga najiambia mwenyewe kila asubuhi," akasema. "Hukuniambia jipya."

"Lakini mimi ndiye niliye—"

"Watu wote husema haraka, Mama Nyamisi. Kazi ya fundi ni kukataa. Sikukataa." Akaiweka ile koroboi chini pamoja na nyingine. "Usiende kumwambia. Utampa mtu wa pili wa kumchukia, na wewe uko ukuta mmoja naye. Atakuchukia vipi huku anakula mboga zako?"

 Nilikuwa nimekwenda kule kutua mzigo, na mzee yule hakuwa na mahali pa kuupokelea. Wake mwenyewe ulikuwa umemjaa.  Halafu kwa mara ya kwanza akaniinulia macho, na nikaona kitu ndani yake ambacho kama ningejua kimo nisingekwenda Bunda kabisa. Alikuwa na tumaini.

"Amekutuma Mama Saidi?" akauliza.

Aliuliza taratibu sana. Nikaelewa kwamba toka aliponisikia nasema shikamoo alikuwa anasubiri nifike hapo, na kwamba yale yangu yote aliyasikiliza kwa adabu tu.

"Hapana, Fundi. Hajui kama nimekuja."

Akaitika kwa kichwa. Akachukua kipande kingine cha bati, akakipima, akakikosea, akakipima tena.

"Siku hizi anachota wapi?"

Nilitaka kumdanganya. Ningeweza kusema mji umeletewa bomba, kwamba kuna kisima. Mtu wa Bunda asingejua. Lakini nilikwisha kumdanganya mara moja kwa kunyamaza.

"Ziwani," nikasema.

"Na wenzake?"

"Anakwenda mapema kabla yetu. Hataki kufuatana na mtu."

"Peke yake."

"Peke yake, Fundi."